Waini ya rozela ni nyepesi mno: nitie mtama, uwele au ngano?

Mama Neema

Habari za humu wadau. Naomba msaada kwa wanaozijua waini za nyumbani, hasa nyie wenzangu wa Dodoma na Singida.

Natengeneza waini ya rozela ya kunywa wenyewe na kupeleka kwenye shughuli za ndugu, siuzi. Nipo huku Mkonze. Kwa ndoo ya lita 20 naweka robo kilo ya rozela kavu, sukari kilo 4, ndimu mbili tatu na hamira. Inachacha vizuri, na rangi yake ukiimimina kwenye glasi kila mtu anaisifia. Shida iko mdomoni. Unasikia uchachu mbele, halafu basi, umemeza na hadithi imeisha. Nikiongeza rozela inazidi kuwa kali tu, uzito hauji.

Sasa nina ushauri wa aina mbili. Jirani yangu, bibi wa Kigogo aliyeanza kupika ujimbi, ile pombe yao ya nafaka, kabla sijazaliwa, anasema nichukue konzi mbili za unga wa kimea cha uwele, yaani uwele uliooteshwa ukakaushwa, nitie kwenye ndoo siku ya kwanza. Shemeji yangu aliyeko Uingereza naye kanitumia maelezo ya waini za mashambani za kwao huko. Wanatia ngano nzima na zabibu kavu, nusu kilo ya ngano kwa galoni, na anasema ngano ndiyo inaleta uzito.

Nafaka zote ninazo ndani: mtama mweupe, uwele, ulezi kidogo. Ngano itabidi ninunue. Nimsikilize nani? Na je, haitakuwa na ukungu, yaani ikose kutakata kwenye glasi? Maana binti yangu ana kipaimara mwezi wa 12, sitaki kuwawekea wageni mezani kitu kinachofanana na togwa.

---

Mpita Njia Area C

Ukishatia mtama hiyo si waini tena dada, ni pombe. Tuletee tuonje kwanza ndiyo tutoe hukumu.

---

Mangi wa Chamwino

Mama Neema usiwasikilize hao. Sisi Wachaga tunachanganya tunda na nafaka miaka na miaka. Mbege ni ndizi mbivu zilizopikwa zikaachwa zichachuke, halafu unapika uji wa kimea cha ulezi, ukipoa unachanganya na ule mchuzi wa ndizi. Kesho yake unakunywa. Kwa hiyo nafaka na tunda ni ndugu kabisa. Tia ulezi, achana na uwele.

---

Babu wa Veyula

Mbukwenyi nyote.

Mangi kasema kweli kuhusu mbege, ila kajibu swali lingine. Mbege inanyweka kesho yake, ikiwa bado inachemka, nzito, ina machicha, na hakuna anayelalamika kwa sababu ndivyo inavyotakiwa iwe. Ujimbi wa huyo bibi jirani yako ni hivyo hivyo. Pombe ya nafaka inanywewa ingali hai. Waini unataka uifunge kwenye chupa mwezi wa 7 uifungue mwezi wa 12, na ukiimimina uone upande wa pili wa glasi. Kila kitu ambacho pombe inakisamehe, waini inakitunza na kukuonyesha baadaye mbele ya wageni.

Tuanze na bibi. Namheshimu, na kwa ujimbi simgusi. Lakini konzi mbili za kimea ndani ya ndoo ya rozela hazifanyi kazi yoyote. Nafaka ina wanga, na hamira haili wanga. Inakula sukari. Wa kuukata wanga uwe sukari ni vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea, na hivyo vina masharti mawili: joto, kama nyuzi 60 hadi 70, na uchachu usiwe mkali. Rozela ni kali kuliko zabibu. Ukikitumbukiza kimea mle kinakufa kabla hakijashika kazi. Kinachobaki ni unga mbichi unaozunguka ndani ya waini yako. Utauacha utuame, juu patatakata kidogo, chini pataganda tope, na ukitikisa chupa kidogo tu unarudi palepale. Hiyo ni ukungu ya wanga, na haiondoki kwa kusubiri.

Uwele nao una shida yake ya pekee. Una mafuta mengi kuliko nafaka zetu nyingine. Unga wa uwele ukikaa wiki chache unaanza kunuka, kila mwanamke wa huku anajua, ndiyo maana unasagwa wa kutosha siku chache. Sasa kitu kisichoweza kukaa kwenye debe utakiweka kwenye chupa miezi mitano?

Kwa shemeji. Kwanza galoni yake ya Kiingereza ni lita nne na nusu, usije ukaipimia kwenye ndoo ya 20. Pili, hizo waini zao zipo kweli, watu wa vijijini kule wametia ngano, shayiri na mchele kwenye waini za zabibu kavu, za viazi, za maua, za kila kitu. Wanatia kwa sababu mbili. Waini ya maua na sukari haina chakula cha hamira, hamira inadhoofika katikati ya safari na kuanza kutoa harufu ya yai viza, na nafaka inaipunguzia njaa hiyo. Ya pili ndiyo unayoitafuta wewe, uzito. Lakini soma vizuri maelezo uliyotumiwa: pamoja na ile ngano utakuta zabibu kavu nyingi, mara nyingine kuzidi ngano yenyewe. Mimi nasema kazi kubwa ya uzito inafanywa na zabibu, halafu ngano inapewa sifa.

Na wewe unakaa Dodoma, mwanangu! Watu wa Uingereza walizoea kutia ngano kwa sababu zamani jua lao halikuwapa zabibu za maana. Wewe mvuno wa mwezi wa 8 uko mlangoni, panda daladala ya Mpunguzi, nunua kilo tatu nne za zabibu nyekundu za waini, ziponde kwa mkono, tia na maganda yake kwenye ndoo ya rozela. Tatizo lako limekwisha na nafaka umepikia ugali.

Ila naona hukuuliza zabibu, umeuliza nafaka, na nafaka inawezekana ukiifanya kazi yake kabla haijaiona rozela. Ninavyofanya kwa lita 20 ni hivi.

Mtama mweupe uliokobolewa, nusu kilo, unga. Huu wa mbegu ya Macia unafaa. Usichukue mwekundu. Ule ambao kwelea kwelea wanaukimbia shambani, wanaukimbia kwa sababu ya ukakasi, na ukakasi huohuo unavifunga vimeng'enya visifanye kazi. Kimea kiwe cha ulezi, robo kilo. Kati ya nafaka zetu, ulezi ndio wenye kimea chenye nguvu kwa kazi hii.

Pika huo mtama uji wa lita nne, uive kabisa, dakika 20 tangu uchemke. Mtama ni mgumu kufunguka, ukiupika haraka haraka wanga unabaki umefungwa ndani. Epua. Mimina humo lita mbili za maji ya mtungi, koroga. Hapo bila kipimajoto uko karibu na nyuzi 70, maana huku kwetu juu, mita elfu moja na mia na kidogo, maji yanachemkia nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ukitaka kuhakikisha, gusa: unapaswa kuvuta kidole mara moja. Sasa tia unga wa kimea, koroga, funika, zungushia blanketi. Baada ya dakika chache utaona jambo la ajabu hata kama umelizoea: ule uji uliokuwa umesimama unalegea wenyewe, unakuwa maji maji, mwiko unazunguka bila kukwama. Onja, utakuta utamu. Acha saa nzima.

Kwa uzito, joto la 70 ni bora kuliko 60. Kwenye 60 kimea kinaukata wanga wote uwe sukari laini, hamira itaimaliza, utapata kilevi na wepesi uleule. Kwenye 70 kinaukata nusunusu, na vile vipande vya katikati hamira haiviwezi. Hivyo ndivyo vinavyobaki mdomoni.

Sasa pima. Chukua tone la maji ya juu, lipoe kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini. Ikigeuka bluu au nyeusi, wanga bado upo, rudisha blanketi. Ikibaki rangi yake ya kahawia, umemaliza. Kipimo hiki kifanye hapa, usikifanye baada ya kuchanganya na rozela. Rozela ina vitamini C, na vitamini C inaifuta rangi ya iodini. Utaona safi kumbe si safi.

Chuja kwa kitambaa cha shashi bila kukamua. Ukikamua umerudisha unga. Chemsha hayo maji dakika kumi ili wadudu wa uchachu wanaokuja na kimea wafe, poza, acha yatuame usiku mzima, asubuhi chota ya juu tu. Hayo ndiyo unatia kwenye ndoo, hesabu kama sehemu ya maji yako.

Na usitarajie kilevi kutoka humo. Robo tatu ya kilo ya nafaka hata ukiikamua vizuri, kwenye lita 20 inakupa kama asilimia moja tu. Sukari yako kilo nne bado ndiyo inayobeba mzigo.

La mwisho, ndimu ziache. Rozela yenyewe ni ndimu tosha. Badala yake tia kikombe cha chai ya rangi nzito sana. Nusu ya hicho unachokiita wepesi ni kukosa ukakasi kidogo kwenye ulimi, na majani ya chai yanao.

---

Mama Neema

Shikamoo babu. Asante sana, nimesoma mara mbili na mume wangu naye kasoma. Nina maswali.

Kimea cha ulezi sijawahi kutengeneza, nilikuwa nanunua cha mtama kwa bibi. Naweza kutumia hicho cha mtama? Pia sufuria yangu kubwa ni ya alumini. Na hamira, natumia hii ya mkate ya pakiti, au nayo ina neno?

---

Babu wa Veyula

Marahaba mwanangu.

Kimea cha mtama kinafanya kazi ila kivivu, ongeza kiasi kifike nusu kilo na usubiri saa mbili. Lakini muulize bibi kama anaondoa mizizi na vichipukizi. Wafugaji wa huku tunajua ng'ombe akiingia shamba la mtama mchanga anaweza kuanguka akafa palepale. Ni sianidi, na iko kwenye chipukizi la mtama. Mtama ulioota ni lazima ukaushwe vizuri juani, ufikichwe, upepetwe, vile vijiti vyote vitoke, ndipo usagwe, na upikwe. Usiutumie mbichi. Ulezi hauna hofu ya namna hiyo, sababu nyingine ya kuupenda.

Kuuotesha ni rahisi. Chekecha mchanga kwanza, ulezi wa sokoni una mchanga mwingi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye gunia safi unene wa kidole, funika na gunia jingine bichi. Nyunyizia asubuhi na jioni na ugeuze. Siku ya pili au ya tatu mizizi inaonekana, mifupi, myeupe. Anika juani mpaka ukiutafuna unavunjika, fikicha kwenye ungo, pepeta. Twanga kwenye kinu uwe chenga, usipeleke mashine ukawa vumbi.

Alumini pikia uji, sawa. Rozela usiiweke humo hata saa moja, inakula sufuria na kukupa ladha ya chuma. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula au sufuria isiyoshika kutu.

Hamira ya mkate itachacha. Inaacha ladha ya mkate na haitulii chini vizuri, ukihamisha waini kwa mpira inafumuka. Ya waini inapatikana mjini ukiuliza kwa wanaokamua zabibu, pakiti moja inatosha ndoo.

---

Bwana Afya Mstaafu

Naongezea la usalama, maana naona mnazungumzia kuotesha nafaka chini ya magunia mabichi.

Sumukuvu. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu walikufa kwa ajili yake, chanzo kikiwa nafaka, mahindi hasa. Mtama na ulezi hatari yake ni ndogo kuliko mahindi na karanga, lakini kuvu ikipata unyevu na joto inaota popote. Na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Yule anayechukua nafaka iliyooza akisema "hii ya pombe" anafanya kosa baya kuliko anayeilisha kuku.

Kwa hiyo chagua punje kwa mkono kabla ya kuloweka. Zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au kijivu, tupa. Ukifunua gunia ukakuta utando au harufu ya kuvu, tupa zote, usioshe. Ulezi wa robo kilo si hasara.

---

Mtoto wa Kondoa

Babu nakuheshimu lakini kwenye ngano umeidharau. Mama yangu mkubwa alikuwa anakaanga ngano nzima kwenye kikaango kikavu mpaka inakuwa kahawia na kunukia, anaitia nzima bila kusaga kwenye waini ya ukwaju. Konzi tatu kwa ndoo. Anaitoa baada ya siku nne. Waini ilikuwa inatakata na ina kitu fulani cha kujaza mdomo. Hakuna kimea wala iodini.

---

Babu wa Veyula

Mtoto wa Kondoa, hapo huna ugomvi na mimi. Punje nzima iliyokaangwa haitoi wanga wake kwa urahisi, ganda limeubana, ndiyo maana ilitakata. Inachotoa ni rangi, harufu ya kukaanga na chumvichumvi ambazo hamira inazipenda. Pua ikinusa kitu cha kuokwa, ulimi unaamini kuna uzito. Ni ujanja mzuri na mimi siupingi.

Ila kwenye ukwaju inaingia vizuri kwa sababu ukwaju wenyewe una rangi ya kahawia na ladha nene. Rozela sifa yake ni ile harufu ya maua na ule wekundu. Ukiweka harufu ya kukaanga humo, wageni watauliza kama kuna kitu kiliungua. Mama Neema akitaka ajaribu, atenge lita tano pembeni, asiiweke kwenye ndoo nzima.

---

Mangi wa Chamwino

Nimekubali babu. Lakini hiyo lita tano ya pembeni ikiwa tayari mniite.

---

Mama Neema

Asanteni wote. Nimeamua hivi: ndoo moja nafanya ya mtama na kimea cha ulezi kama alivyoeleza babu, ndoo nyingine naisubirisha zabibu za mwezi wa 8. Kipaimara nitapeleka itakayoshinda. Bibi jirani nimemsomea, kacheka, akasema ya kwake haijawahi kufika mwezi wa 12 kwa hiyo hana la kubishana.

Swali la mwisho babu, iodini ya namna gani? Nimeenda duka la dawa wakanipa ile ya kuoshea vidonda, nzito, ya kahawia. Ndiyo hiyo?

---

Babu wa Veyula

Hiyo hiyo inafaa. Ni nzito mno kwa kipimo, kwa hiyo tone moja lichanganye na matone kama kumi ya maji mpaka iwe rangi ya chai nyepesi. Ijaribu kwanza kwenye punje ya wali uliopoa, ione inavyogeuka nyeusi, ili ujue unachokitafuta. Na ulichokipimia kwenye sahani mwaga, usirudishe sufuriani.